Bunduki Iliyoanza Kazi Saa Nne

Mama yangu husema nilizaliwa na jibu mdomoni, na hakosei sana. Mtu akinigusa kidogo mimi nishajibu, na mara nyingi jibu langu hufika kabla sijaelewa nimeambiwa nini. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyonipata kiangazi kile, mwaka wangu wa kwanza kubeba bunduki ya kijiji, nusu yake yaliletwa na mdomo huu. Nusu nyingine nitaieleza tukifika.

Kijiji chetu kiko mwendo wa baiskeli kutoka Sitalike, upande ambao mashamba ya mpunga yamepakana na hifadhi. Ukisimama kwenye jaruba la mwisho, mbele yako hakuna uzio wala ukuta, kuna tembo tu. Mpunga ukishavunwa tunaulundika palepale shambani kusubiri kuupiga, na hapo ndipo tembo hukumbuka kwamba sisi ni majirani. Kijiji kina askari wawili wa wanyamapori na bunduki moja ya pampu, ile ambayo ukishapiga unavuta mkono wake nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele, risasi nyingine inapanda. Hatuui nayo tembo. Tunapiga juu, mara tatu au nne mfululizo, na huo mfululizo ndio dawa yenyewe. Tembo akisikia mlio mmoja husimama kufikiri. Akisikia wa pili na wa tatu anaondoka.

Aliyeibeba miaka yote kabla yangu ni mdogo wa marehemu baba yangu, tumbo moja. Mimi namwita bamdogo, naye huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Ni mzee mfupi, mvuta ugoro, mbishi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Magoti yake yalipoanza kumgomea, kijiji kikaamua bunduki ihamie kwangu na yeye abaki msaidizi wangu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuibeba. Mwenyekiti wa kijiji alisema waziwazi mkutanoni kwamba ni majaribio ya msimu mmoja, na ikionekana siiwezi itakwenda kwa mwanaume. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Siku ya kwanza kuivaa begani nilipita njia ndefu ya sokoni, ambako sikuwa na shida yoyote, ili tu watu wanione.

Mvua zote ilinitii. Machi, Aprili, Mei, nikipiga moja ya pili iko tayari, na tembo wakaanza kunifahamu. Kisha ikaingia Juni na baridi yake.

Ilikuwa alfajiri, umande umelala kwenye mabua, na pumzi zetu zinaonekana. Tembo sita walikuwa wamelizunguka lundo la mpunga wakila kwa adabu kabisa, kama wageni walioalikwa. Nilinyanyua mtutu nikapiga juu. Wakasimama. Nikavuta, ganda likaruka, nikasukuma, nikabonyeza. Tik. Nikavuta tena na kusukuma tena. Tik. Hakuna kilichopanda. Nikaitikisa, nikaipiga ubavuni kwa kiganja, nikaiomba kwa Kibende chetu na kwa Kiswahili. Tembo jike aliyekuwa mbele alimaliza kufikiri, akapiga hatua moja kuja kwangu.

Nilikimbia. Sitadanganya, nilikimbia vizuri, mpaka mfereji wa maji ukanipokea na matope yake hadi kifuani, bunduki nimeinyanyua juu kichwani. Waliowaondoa tembo ni kina mama wa mashamba ya jirani, waliotoka na sufuria na madebe wakiyagonga kwa miiko, na hata hivyo naamini tembo waliondoka kwa sababu walishashiba. Mtu mmoja, hadi leo hajajitaja, alikuwa ameshanirekodi kwa simu. Kufika saa mbili asubuhi, kijiji kizima kilikuwa kimeniona nikiruka mfereji.

"Umevuta nusu," bamdogo aliniambia, akinivuta mkono kutoka matopeni.

"Nimevuta yote."

"Ukivuta nusu, risasi haipandi. Inataka uvute mpaka mwisho kabisa, mpaka igonge. Mikono ya wanawake ni mifupi, mama. Si kosa lako."

"Mikono hii ndiyo inayobeba kuni za chai yako, bamdogo," nilimjibu. "Chai haijawahi kukufikia nusu."

Alicheka, akavuta ugoro wake, lakini neno likawa limeshatoka. Hadi jioni nilikuwa nimelisikia kwa watu wanne kwamba navuta nusu.

Siku ile ile, saa nne na jua lake, tulisimama nyuma ya ofisi ya kijiji tukaijaribu. Mtutu ulielekea kwenye kichuguu, kidole mbali na kifyatulio. Nilipakia risasi tano nikazipitisha zote bila kupiga. Nilivuta, nikasukuma, moja ikaruka nje. Nikavuta, nikasukuma, ya pili. Zote tano zikatoka bila ubishi. Nikamtazama bamdogo. Bamdogo akatazama kichuguu.

Kesho yake alfajiri, tik. Keshokutwa, tik. Na kila ilipofika saa nne, ukiijaribu, inapandisha kama hakuna kilichotokea. Ikawa kama bosi wa ofisini asiyeanza kazi kabla ya saa nne, na watu wakaibandika jina la Mheshimiwa. Nikipita nayo njiani naulizwa kama Mheshimiwa kaamka. Nilicheka nao, maana kijijini kwetu usipocheka nao watakucheka peke yako, lakini nikifika nyumbani moyo ulikuwa mzito. Msimu wangu wa majaribio ulikuwa unaisha kwa tik.

Nikaamua kulitafuta tatizo kwa utaratibu. Kwanza niliwaza risasi. Zilikuwa zimekaa kwenye kasha la ofisi masika yote, na ganda la plastiki likishika unyevu huvimba. Nilizipanga juu ya meza ya ofisi nikazibiringisha moja moja. Mbili zilikwenda zikiyumba, nikazitenga. Alfajiri iliyofuata, na zile nzuri tupu, tik.

Kisha, ingawa nisingemwambia mtu, niliuwaza mkono wangu. Nilichukua mpini wa fagio, nikaenda nyuma ya nyumba, nikawa navuta na kusukuma hewani, mia moja asubuhi na mia moja jioni. Mama alinitazama kutoka jikoni siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne aliuliza kama huko kazini siku hizi tunafagia. Mkono ulipata nguvu kweli, nao haukusaidia kitu.

Baada ya hapo tukaipeleka Mpanda mjini, mimi na bamdogo, na barua ya kijiji mkononi. Huko kuna afande mmoja, mtaalamu wa silaha, mtu mtaratibu mwenye miwani, ambaye wilaya nzima inamwamini. Tulimfikia adhuhuri, mabati ya karakana yake yakilia kwa joto. Aliikagua, akaitikisa karibu na sikio, akapakia risasi za kujifunzia, zile za kijani zisizo na baruti, akazipitisha tano. Akarudia. Akarudia mara ya tatu huku ananieleza habari za mvua. Haikukwama hata mara moja.

"Bomba la risasi hatujawahi kulifungua," bamdogo alimwambia. Bomba ni lile lililolala chini ya mtutu, risasi zinamopangwa foleni, na ndani yake kuna springi inayozisukuma.

"Kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi," alisema afande. Kisha akanusa vidole vyake, akatabasamu. "Ila hii silaha yenu mbona inanukia mboga?"

Ningeweza kucheka, au kuuliza mboga gani. Lakini nilikuwa na wiki mbili za kuambiwa mikono yangu mifupi, na sasa mtu wa mjini ananiletea habari za jikoni.

"Afande, sema tu kwamba ulitaka mwanamke abaki na sufuria zake," nilimwambia. "Tutakuelewa."

Afande aliifuta miwani yake, akaivaa, akaandika barua kwa mwandiko mzuri, akaifunga ndani ya bahasha. Barua hiyo mwenyekiti aliisoma mkutanoni siku mbili baadaye, mbele ya watu wote. Ilikuwa na mistari miwili. Silaha ni nzima. Mtumiaji aangaliwe.

Nilihisi masikio yanawaka. Watu walinigeukia, na kwenye kona moja mtu aliguna ule mguno wa "tulisema". Mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake.

"Aliyeiharibu ni bamdogo," nilisema. "Masika alianguka nayo kwenye bodaboda. Amelipinda bomba, na hataki kusema."

Kuanguka alianguka kweli, utelezi ule wa njia ya Sitalike haumjui mzee wala kijana. Lakini niliiona bunduki siku ile: aliikumbatia kifuani akaacha uso wake ndio uonje matope. Nililijua hilo wakati nasema. Bamdogo alikuwa ameshatoa kikopo chake cha ugoro. Alikitazama, akakirudisha mfukoni bila kukifungua, akatoka nje. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile, na bado sikusema samahani.

Mwenyekiti akakata maneno. Afande angekuja Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ileile ambayo tembo hutusumbua. Ningepewa risasi tano za kujifunzia mbele ya kijiji. Zikipita zote, bunduki ni yangu. Ikikwama hata moja, siku hiyohiyo inakwenda kwa mwingine.

Siku tatu zilizofuata bamdogo hakuniita mama. Aliniita "askari". Alikuja kazini, alitembea hatua tano nyuma yangu, na alfajiri bunduki ilipokwama aligonga debe mwenyewe bila kunitazama. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nafikiria bunduki. Nilikuwa nafikiria lile debe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni na mama. Alikuwa ameshachemsha maharage, ameshakata kitunguu, akaniambia nimpe mafuta ya mawese. Mawese yetu hutoka kandokando ya ziwa, upande wa Karema, na huwekwa kwenye chupa ya maji ya plastiki juu ya rafu. Nilichukua chupa nikaifungua, nikaiinamisha juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka. Nikaitikisa. Nikaipiga kitako kwa kiganja. Nikaipiga tena.

"We vipi?" mama alisema. "Unaigombeza ya nini? Huoni imeganda? Itoe juani. Ikifika saa nne itatoka yenyewe."

Nilisimama na chupa mkononi. Ndani yake mawese yalikuwa yamekuwa mazito, ya rangi ya chungwa, yametulia kabisa, kama hayana haraka na mtu. Nikatazama kiganja changu, kilichokuwa kimeipiga chupa vilevile kinavyoipiga bunduki kila alfajiri. Nikaketi chini sakafuni.

Sasa tumefika kwenye ile nusu nyingine. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, kichupa cha mafuta ya bunduki kiliisha, na kutu ikaanza kuonekana kwenye mlango wa bomba. Sikutaka kuomba mafuta mapya, maana nilikuwa na wiki moja tu kazini, na niliogopa wataanza kusema mwanamke ameshaanza kuomba. Bibi yangu mzaa mama, kila msimu ukiisha, alipaka majembe na mapanga mawese kabla ya kuyapanga jikoni kwake, na majembe yake hayakuwahi kuota kutu. Nami nikafanya kama nilivyofunzwa. Nilichukua kijiko cha mawese nikamimina ndani ya bomba, nikaongeza cha pili kwa upendo, nikageuza mtutu juu na chini ili yaenee. Mvua zote, kwenye joto, yakawa mafuta mazuri kweli. Baridi ilipoingia yakaganda usiku, springi ikalala humo ndani, na kila siku saa nne jua likaiamsha. Kibaya zaidi, nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa, maana kupaka chuma mawese kwetu si jambo la kukumbuka.

Na harufu je? Bamdogo ugoro ulishamwua pua zamani. Mimi nimekulia ndani ya mawese, siyasikii. Pua nzima ilikuwa moja tu, ya afande wa Mpanda, naye nilimtukana.

Mama aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ninaumwa sana, nikaanza kucheka, nikacheka mpaka maharage yakashika chini.

Nilimkuta bamdogo kibarazani kwake anamenya karanga. Nilipiga magoti kumsalimia kama tunavyowasalimia wakubwa, na nikabaki palepale chini.

"Bamdogo, nimekukosea mara mbili," nilisema. "Ya kwanza ni ile niliyosema mkutanoni. Niliona ulivyoanguka, na niliona bunduki haikugusa chini. Nilisema uongo kwa sababu niliona aibu. Naomba unisamehe."

Aliendelea kumenya. "Na ya pili?"

Nikamweleza ya pili, kijiko kwa kijiko. Nilipofika kwenye chupa na saa nne mikono yake ilisimama. Alinitazama kwa muda, midomo imebana, nikadhani ndiyo nimefukuzwa. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, likafuatia la pili, na karanga zote zikamwagika.

"Umeikaanga," alisema alipopata pumzi. "Silaha ya kijiji, mama, umeikaanga."

Aliponiita mama machozi yalinitoka. Yeye alifikiri nacheka.

Ijumaa asubuhi, baridi ikiwa bado ipo, mtendaji wa kijiji alitufungulia kasha la ofisi na bamdogo akalifungua bomba kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwanza tulihakikisha hakuna risasi ndani, mara mbili, kisha akakizungusha kifuniko cha mbele polepole, kidole gumba juu yake kuizuia springi isimrukie. Haikuruka. Ilitoka kwa uvivu, imevaa koti zito la rangi ya chungwa, na ndani ya koti hilo kulikuwa na vumbi, pumba za mpunga, na sisimizi wawili waliokufa wameshiba. Tulilikwangua bomba kwa kijiti chenye kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, tukarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Springi tuliifuta pingili kwa pingili. Fundi cherehani wa jirani akatupa mafuta yake mepesi, na bamdogo akaweka matone mawili tu, akanitazama vikali nisiongeze la tatu. Tulipoirudisha, springi ilisukuma kidole changu kwa nguvu ambayo sikuwa nimeijua.

"Kesho usiseme chochote," bamdogo aliniambia tukinawa mikono. "Zikipita, watauliza kulikuwa na nini. Mimi nitasema risasi zilikuwa mbovu, zilivimba na mvua. Huwa wanakubali."

"Na ile niliyosema juu yako?"

"Itasahaulika. Shika bunduki yako, nyamaza."

Jumamosi watu walikuja kwa wingi kuliko mkutano wowote, wamejifunika vitenge na mablanketi. Uani mwa ofisi walitandika mkeka ili risasi zisipotee. Afande alifika na pikipiki, akanisalimia kwa heshima ileile ya mtu mtaratibu, akanipa zile tano za kijani. Vidole vyangu vilikuwa vya baridi mpaka vya miguuni. Nikapakia. Nikavuta mpaka ikagonga, nikasukuma.

Moja ikaanguka mkekani. Watu wakaihesabu kwa sauti. Ya pili. Ya tatu, na kina mama wa sufuria wakaanza kusogea mbele. Ya nne. Ya tano ilipoanguka zilipigwa vigelegele ambavyo naamini tembo walivisikia, na mimi nikajikuta nimevuta na kusukuma mara ya sita bila kitu, kwa furaha tu.

"Safi," alisema afande. "Hapo hakuna nusu."

Mwenyekiti alinyanyua mkono watu wanyamaze. "Sasa, tatizo lilikuwa nini?"

"Risasi," alisema bamdogo kutoka kwenye benchi, haraka. "Zilivimba na mvua."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakaanza kuinuka. Afande alikuwa ameshatoa kalamu. Nilichotakiwa kufanya ni kitu ambacho sijawahi kukiweza, kunyamaza, na mara hii moja katika maisha yangu kingenifaa. Bunduki ilikuwa yangu. Lakini watu hawa hawa walinisikia nikimsingizia bamdogo, na hakuna aliyenisikia nikilirudisha lile neno.

"Si risasi," nilisema. "Wala bamdogo hakuipinda bunduki. Nilimsingizia. Ni mimi niliyeweka mawese ndani ya bomba, yakawa yanaganda asubuhi."

Kisha mama mmoja akauliza, "Mawese haya haya ya kula?" na baada ya hapo hakuna aliyesikilizana na mwenziwe. Kicheko kilikwenda kikirudi. Mzee mmoja alishikwa na kikohozi akapigwa mgongoni. Nilimgeukia afande nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya Mpanda, naye akasema hakuwa ameniambia habari za jikoni, aliuliza mboga kwa sababu alikuwa na njaa.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. "Hii ni silaha ya watu wote," alisema. "Mtu akiiharibu mwenyewe, halafu akamtupia mzee wake, ndiye tumwachie?"

Kicheko kikapungua, na sauti mbili tatu zikasema kweli. Sikuwa na jibu. Mimi, bila jibu. Niliishusha bunduki begani, nikaihakikisha tupu, nikailaza mkekani kando ya zile tano za kijani, nikarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa haki, na iliniuma sana.

Bamdogo alisimama. Kwa magoti yake kusimama ni safari, kwa hiyo watu walikuwa wameshanyamaza alipofika juu.

"Mwaka ule tembo walipomaliza shamba la kaka yangu," alisema, "mlikuja mkaniuliza ilikuwaje. Niliwaambia nini?"

"Risasi mbovu," wakajibu waliokumbuka.

"Hazikuwa mbovu. Niliwaona wamenikaribia, mikono ikatetemeka, nikavuta nusu. Ya pili haikupanda. Nikakimbia. Kaka yangu alikula mihogo mwaka mzima, na amekufa anaamini ni risasi. Huyu hapa kakosea, kasema ndani ya wiki hiyohiyo. Mimi imenichukua miaka tisa. Mpeni bunduki yake."

Kaka yake ndiye baba yangu, na mihogo ile niliila na mimi. Sikujua nimtazame nani. Ndipo mama, aliyekuwa ameketi na kina mama wenzake kwenye majani, akasema bila kuinuka, kwa sauti yake ile ya kuagiza chumvi:

"Shemeji, kaka yako alijua. Alikuwa juu ya kichuguu, alikuona unavyokimbia. Alirudi nyumbani akaniambia, mdogo wangu yuko hai, na kumbe ana mbio. Akanikataza nisikwambie, usije ukaona aibu kuja kula kwetu."

Bamdogo alibaki amesimama. Mwenyekiti alimtazama afande, akatazama watu. Kisha aliinama, akaiokota bunduki mkekani, akaniletea mwenyewe. Niliivaa begani, nikaenda kumshika bamdogo mkono ili akae.